Hakuna atakayekuita mahojiano ya udaktari, kwa hivyo jihoji mwenyewe

Kama uko Kitengela, ulifanya KCSE na ukapata A ama A-, najua jina lako jipya. Ni Daktari. Hujaingia chuo, hujawahi kushika sindano, lakini mama mboga anakuita Daktari, mchungaji amekuombea ukiwa Daktari, na kwenye WhatsApp ya familia kuna mjomba ambaye hajawahi kutuma hata salamu, lakini ameshauliza kama utamwangalia presha.

Wewe mwenyewe sasa kazi yako ni moja tu: kungoja. Unafungua tovuti ya KUCCPS, unafunga. Bando inaisha, unaomba intaneti ya jirani, unafungua tena. Hakuna kitu. Mama anauliza "wamesema nini?" na wewe unasema "bado". Kesho yake ni hivyo hivyo. Matokeo yalitoka Januari na vyuo vinafungua kuanzia Agosti hivi. Hiyo ni miezi mingi ya kuishi na jina la kazi ambayo hakuna aliyekupa.

Nataka tuongee juu ya hiyo miezi. Si kukutisha, na si kukupa moyo wa bure pia.

Kompyuta haina swali

Kwanza tuelewane vile mambo yanaenda, sababu wengi wanangoja kitu wasichokijua.

Uingereza, mtu akitaka kusomea udaktari anafanya mtihani wa kando unaoitwa UCAT, anatuma maombi kabla ya tarehe 15 Oktoba, halafu anakaa akingojea barua ya mahojiano. Akiitwa, anazungushwa vyumba kadhaa. Hapa anaulizwa kwa nini anataka kazi hii, pale anapewa mtu anayejifanya mgonjwa aliyekasirika na kuambiwa amtulize, kule anaulizwa atafanya nini akijua rafiki yake ameiba mtihani. Marekani ni ngumu zaidi: kwanza unamaliza digrii nyingine, unafanya MCAT, ndipo unaanza kuomba na kungojea kuitwa. Wengi hawaitwi kabisa.

Hapa kwetu, ukiondoa chuo kimoja kimoja cha kibinafsi, hakuna kuitwa. KUCCPS, ambayo ilichukua nafasi ya ile bodi ya zamani ya JAB baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, inaangalia karatasi tu. Kwa udaktari inaangalia masomo manne: Biolojia, Kemia, Hisabati ama Fizikia, na Kiingereza ama Kiswahili. Kila somo lina pointi 12, kwa hivyo jumla ni 48. Hizo inazichanganya na pointi zako za masomo saba, ambazo jumla yake ni 84, inapiga hesabu yake, unapata alama ya klasta. Halafu inapanga watu kutoka juu kwenda chini hadi nafasi ziishe. Basi.

Hakuna mtu amekaa mahali akisoma jina lako. Hakuna mtu anajua ulisoma kwa tochi ya simu ama ulikuwa na mwalimu wa kukufundisha nyumbani kila Jumamosi. Hakuna atakayekuuliza kama ukiona damu unazimia.

Na ushindani si mchezo. KCSE ya 2024 ilifanywa na watahiniwa zaidi ya 960,000. Waliopata C+ kwenda juu, yaani waliofikia kiwango cha digrii, walikuwa 246,391. Waliopata A kamili walikuwa 1,693. Ongeza wale wa A-, na wa B+ waliong'ara kwenye masomo manne yale, uone vile foleni ya udaktari inavyojaa. Kwa hivyo ukikosa, haimaanishi wewe ni mjinga. Inamaanisha kulikuwa na mtu mwenye nukta sifuri-nukta-kitu zaidi yako. Hiyo tu.

Mahojiano yangekuwa dawa? Hapana

Kuna wasomi mtandaoni wanasema Kenya pia ianze kuhoji wanaotaka kusomea udaktari. Sababu yao naielewa. Wanasema tunazalisha madaktari ambao walisukumwa na alama, si na moyo. Wanasema kama mtu angeulizwa swali moja tu, "kwa nini?", nusu wangekosa la kusema.

Mimi nakataa, na nitakuambia kwa nini.

Unakumbuka mwaka 2014? Serikali iliajiri makurutu 10,000 wa polisi. Pale hakukuwa na kompyuta ya kupanga watu. Kulikuwa na uwanja, mbio, meno kukaguliwa, na maafisa wa kuamua nani anaenda na nani anarudi nyumbani. Malalamishi ya hongo yakawa mengi hadi IPOA ikaenda kortini, na Oktoba mwaka huo Mahakama Kuu ikafuta zoezi lote. Lote! Hao ni polisi. Sasa weka udaktari, kozi ambayo kila mzazi mwenye shamba la kuuza anaitaka, mikononi mwa watu watano kwenye chumba kilichofungwa. Niambie mtoto wa Mashuuru ataingia kwa mlango gani.

Hata tuseme hakuna hongo. Tuseme wale wahoji wote ni malaika. Bado kuna swali la nani anajua kuongea. Kijana aliyelelewa Karen, baba daktari, mama wakili, amezoea kujieleza kwa Kiingereza tangu chekechea. Atasema alijitolea hospitalini likizo nzima, na ni ukweli, sababu ni hospitali ya rafiki ya baba yake. Msichana wa Ilbissil likizo yake ilikuwa ni kuchota maji na kuangalia mbuzi. Alipata A- yake katikati ya ukame wa 2021 na 2022, ng'ombe wa karo wakifa mmoja mmoja. Ukimweka mbele ya watu watano wenye suti ataangalia chini, sababu nyumbani kwao kumwangalia mkubwa machoni ni utovu wa adabu. Wataandika: "hana ujasiri". Yeye ndiye angekuwa daktari pekee anayeweza kumwuliza nyanya wa Kimaasai anaumwa wapi bila mkalimani.

Kompyuta ya KUCCPS ni baridi, lakini haimjui baba yako. Katika nchi hii, hiyo ni zawadi kubwa. Usikubali mtu akunyang'anye ukidhani anakusaidia.

Sisemi alama ni haki tupu. Alama zenyewe zina historia. Shule ya kitaifa yenye maabara na walimu wa kutosha si sawa na shule ya kutwa ambayo mwalimu wa Fizikia ni mmoja na pia anafundisha Hisabati. Lakini ukitaka kurekebisha hiyo, peleka mwalimu Mashuuru. Usilete chumba cha mahojiano Nairobi.

Kwa hivyo nani atakuuliza?

Hapo sasa ndipo ninapokutaka. Mfumo hautakuuliza chochote, lakini maswali yenyewe bado yapo. Ukiyaruka sasa utayakuta mbele, mwaka wa tatu, saa tisa usiku, ukiwa na deni. Ni afadhali ujibu sai ukiwa nyumbani na chai mkononi.

Mtaniuliza mimi ni nani. Sawa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, si udaktari, kozi nyingine. Karo ilikataa kufika na maisha yakaendelea. Sasa naandika, napiga picha za harusi na ruracio, nalipa nyumba Kitengela. Sina cheti cha kukuonyesha. Lakini nimeketi na wengi wenu. Wadogo wa marafiki zangu wananiletea simu niwaangalilie tovuti, na ninaona kile kinachowasumbua si alama. Ni kwamba hakuna aliyewauliza kitu.

Kwa hivyo chukua daftari. Maswali ni matano.

La kwanza: Ni nani anautaka huu udaktari?

Usijibu haraka. Andika majina. Mama? Baba? Mwalimu mkuu aliyetaka shule itajwe? Kanisa? Wewe mwenyewe uko namba ngapi kwenye hiyo orodha?

Si vibaya mzazi kutamani. Mama aliyefanya kazi EPZ miaka kumi na miwili akishona nguo za kwenda Marekani ana haki ya kuota ndoto moja kubwa. Lakini ndoto yake haitafanya mtihani wa anatomia. Wewe ndiye utaufanya. Ukijiondoa wewe kwenye orodha na udaktari ukabaki umesimama wenyewe, basi huo si wako.

Kuna kipimo rahisi. Jiulize: kama udaktari ungelipwa sawa na ualimu, na mtaani hakuna anayekuita Daktari, bado ungeutaka? Ukisema ndiyo, vizuri. Ukisema hapana, pia hiyo ni habari, na ni afadhali uijue mapema.

La pili: Umewahi kuiona hiyo kazi?

Si kwa filamu. Hapa hapa.

Kitengela ilihesabiwa watu 154,436 kwenye sensa ya 2019, na Kajiado nzima 1,117,840. Wewe unajua vile mji umejaa tangu wakati huo. Kila mwezi ghorofa mpya. Hao watu wote wanaugua. Nenda asubuhi moja hospitali ya serikali ya hapa Kitengela, ama ile ya rufaa kule mjini Kajiado. Huhitaji kuingia popote pasipokuhusu. Msindikize shosho aliye na kliniki ya sukari, kaa naye kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi amalize. Angalia nani anafanya nini. Utagundua kitu: sehemu kubwa ya watu waliomhudumia si madaktari. Ni muuguzi, ni tabibu, ni mtu wa maabara, ni mfamasia. Daktari utamwona akipita mbio akienda wodini.

Njia nyingine: Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba yenye vipimo na simu. Mmoja wao anazunguka mtaa wenu, iwe ni Noonkopir ama Yukos. Mara nyingi ni mama unayemjua kwa jina la mtoto wake. Mwamkie, mwombe umsaidie kubeba mkoba wiki mbili. Utaingia nyumba ambazo hujawahi kuingia. Utaona mgonjwa wa kiharusi aliyelala kitanda kimoja na wajukuu. Utasikia harufu. Ukirudi nyumbani jioni, jiulize kama unataka kurudi kesho.

Hayo ndiyo mahojiano. Wazungu wanaweka mtu anayejifanya mgonjwa. Wewe uko na wagonjwa wa kweli hatua mia mbili kutoka kwa mlango wenu.

La tatu: Ni nani atalipa, na hadi lini?

Hapa wengi wanafunga macho. Fungua.

Udaktari ni miaka 6. Halafu mwaka mmoja wa uanagenzi kabla upate leseni kamili ya baraza la madaktari, KMPDC. Wenzako wa biashara na ualimu watamaliza wakuache bado unasoma. Watanunua sofa, wataoa, wataolewa, na wewe bado unaomba nauli nyumbani.

Mfumo wa ufadhili ulioanzishwa Mei 2023 unawagawa wanafunzi katika makundi matano. Kundi la kwanza, la wahitaji zaidi, linapata ufadhili wa asilimia 70, mkopo asilimia 25, familia inalipa asilimia 5. Kundi la tano linapata ufadhili asilimia 30, mkopo asilimia 30, familia inalipa asilimia 40. Mahakama Kuu iliuharamisha mfumo huo Desemba 2024, kesi ikaenda rufaa. Kwa hivyo fuatilia habari, usitegemee uvumi.

Lakini hesabu yenyewe ifanye. Tuseme kozi imewekewa gharama ya Sh600,000 kwa mwaka. Ukiwa kundi la kwanza, familia inatafuta Sh30,000. Ukiwa kundi la tano, familia inatafuta Sh240,000, kila mwaka, mara sita. Hiyo ni karibu milioni moja na nusu, na bado hujala wala kulipa nyumba. Na mkopo unakungoja nje ya lango siku ya mahafali.

Keti na wazazi uwaulize bila aibu. Sio harambee moja ya kanisa itakayokupeleka mwaka wa kwanza halafu watu wapotee. Uliza: mwaka wa nne pesa zitatoka wapi? Kuna shamba? Kuna chama? Kuna ng'ombe, na mvua ikikosa tena? Ukifadhiliwa na mtu, ameandika mahali ama alisema tu kwenye maikrofoni? Nimeona vijana wakirudi mtaani na kozi nusu. Si kwa kufeli. Ni sababu hakuna aliyeuliza swali la mwaka wa nne. Mambo ya karo yakijulikana mapema, kuna basari za kaunti na za eneobunge za kuomba kwa wakati, na kuna njia ya kukata rufaa ukiwekwa kwenye kundi lisilokufaa. Yakijulikana mwisho, kuna kulia tu.

La nne: Unaweza kungoja tena?

Unafikiri huku ndiko kungoja? Hapa umeanza tu.

Machi 14, 2024 madaktari waligoma nchi nzima. Mgomo ulichukua siku 56. Jambo moja kubwa lilikuwa hawa hawa wanagenzi, watu waliomaliza miaka yote ya chuo na kukaa nyumbani wakingojea kutumwa hospitalini. Mkataba wa 2017 ulisema mwanagenzi alipwe Sh206,000 na ushei kwa mwezi. Serikali ikasema haina pesa, itawapa Sh70,000. Walivutana hadi mwisho wa mwaka ndipo wakakubaliana kuurudia ule mkataba. Matabibu nao wakagoma mwaka huo huo.

Fikiria hiyo. Ulikuwa na A. Ulisoma miaka 6. Umerudi Kitengela, uko kwa chumba chako cha zamani, unafungua tovuti, unafunga. Mama anauliza "wamesema nini?" Unasema "bado".

Na baada ya uanagenzi kuna kungoja kazi ya kaunti. Tuna hospitali zinazolia hazina madaktari na tuna madaktari wanaolia hawana kazi, katika nchi moja. Usiniulize inawezekanaje. Uliza gavana wako, tena umuulize kabla ya kura.

Sikuambii usiende. Nakuambia uende ukijua. Anayeupenda udaktari husikia haya yote na bado anasema "sawa, nitangoja". Kama umesikia ukaanza kutafuta kozi nyingine kichwani, pia sawa.

La tano: Wakisema hapana, wewe ni nani?

Hili ndilo swali ambalo lingenifanya niandike haya yote hata kama mengine hayangekuwepo.

Sababu kuna wengi wataambiwa hapana. Watafungua ile tovuti na kukuta kozi nyingine, ama chuo kingine, ama hakuna kitu. Na mtaa mzima ulishawaita Daktari. Mtoto anaanza kujificha. Anapitia njia ya nyuma ili asikutane na mama mboga. Anaacha kuongea kwenye WhatsApp. Wengine huwa wabaya zaidi ya hapo, na wewe unajua ninachomaanisha. Kama umefika mahali unaona heri usiwepo, usikae na hilo peke yako hata usiku mmoja. Ambia mtu mzima unayemwamini, leo, si kesho.

Halafu, ukishapumua, angalia ramani vizuri. Mlango wa hospitali si mmoja. KMTC imekuwepo tangu 1927, ina kampasi nchini kote, moja iko Loitokitok, kaunti yetu hii hii, chini ya Kilimanjaro. Maombi yake sasa yanapitia KUCCPS. Diploma ya utabibu ni miaka mitatu, na mtabibu ndiye mtu wa kwanza utakayekutana naye kwenye vituo vingi vya afya kuanzia Isinya hadi Namanga. Uuguzi unakupa kazi hapa na nje ya nchi. Maabara, famasia, tiba ya viungo, lishe, rekodi za afya. Hizi si zawadi za kufariji walioshindwa. Rudi kwa lile swali la pili: ni nani uliwaona wakifanya kazi pale kliniki ya shosho?

Na kama swali la kwanza lilikuonyesha kwamba hukuwahi kuutaka udaktari, basi hiyo "hapana" imekufungulia mlango.

Ukiwa bado unangoja

Mambo machache ya haraka kabla nikuache.

Nywila ya akaunti yako iwe yako. Si ya jamaa wa saiba, si ya binamu. Nimesikia kesi za watu waliobadilishiwa chaguo bila kujua. Ingia mwenyewe, piga picha ya skrini ya kozi ulizochagua, hifadhi.

Akija mtu akasema "niko na mtu wangu KUCCPS, leta elfu hamsini nafasi ipatikane", mfukuze. Kompyuta haina mtu wake. Huyo anakula pesa za watu kumi, wale wawili watakaopata kwa alama zao atawaambia ni yeye aliwasaidia, wale wanane atazima simu. Kila mwaka anarudi na laini mpya.

Angalia alama za mwisho zilizoingiza watu miaka iliyopita. Ziko kwenye tovuti, kozi kwa kozi, chuo kwa chuo. Kama klasta yako iko chini sana, usijaze udaktari kila mahali ukitegemea maombi. Dirisha la kubadilisha likifunguliwa, litumie.

Na ufanye kitu na mikono yako. Fundisha watoto wa ploti Hisabati, saidia kwenye duka la M-Pesa, jifunze kuendesha gari. Siku haiwezi kuwa ya kufungua na kufunga tovuti pekee.

Kwa wenye mtaa

Hapa naongea na wazazi, majirani na wachungaji. Tafadhali acheni kumwita mtoto Daktari kabla hajaingia. Mnadhani mnambariki, kumbe mnampa deni. Mwulizeni "unafanya nini siku hizi?" na mngoje jibu.

Na hospitali zetu za kaunti, nyinyi mnaweza kufanya kitu ambacho hakina gharama kubwa. Fungueni wiki moja kila Februari kwa waliomaliza kidato cha nne, wa Kajiado nzima, waje waone kazi. Wapeni aproni, wapeni muuguzi mmoja wa kuwazungusha, wafundisheni kunawa mikono na kunyamaza. Hakuna alama, hakuna kuchuja mtu, hakuna barua ya kutafutia mtu nafasi. Waone tu. Wengine watarudi nyumbani wakiwa na hakika, wengine watarudi wakisema "hapana, hii si yangu". Wote mtakuwa mmewasaidia, na mtakuwa mmemwokolea mzazi mmoja shamba lake.

Wewe uliye na simu mkononi, najua ukimaliza kusoma hapa utafungua ile tovuti tena. Fungua tu. Lakini kabla ya kulala leo, andika jibu la swali la kwanza kwenye daftari. Usimwonyeshe mtu.